Mazimwi Yakijaa Nchini, Tumfungulie Nani Mlango?



Jioni umeme ukirudi katika mitaa yetu, vijana wanajikusanya mbele ya televisheni kutazama filamu za mazombi. Wafu wanafufuka, wanatembea polepole, wanakula watu, na kila anayeumwa naye anageuka kuwa kama wao. Nchi nzima inajaa. Wachache waliobaki wanatafuta mahali pa kukimbilia. Filamu ikiisha, mabishano yanaanza pale pale. "Mimi ningeenda ku kambi ya basoda, kule kuko masasi mingi." "Apana, bora kisiwa, zombi hajue kuogelea." "Mimi ningejifungia mu depo ya unga, nikule miaka kumi." Mzee akipita anatikisa kichwa na kusema kama hayo ni mambo ya Wazungu, hayana faida kwa mtoto wa mtu.

Sisi tunafikiri mzee huyo amesahau kidogo. Swali la vijana ni swali letu la zamani. Hata jina zombi lilirudi kwetu kama mtoto aliyepotea: lilitoka Haiti kwenda Marekani, na wataalamu wengi wa lugha wanalifuata nyuma hadi kwenye Kikongo, lugha ya watumwa waliovushwa bahari. Na kabla ya televisheni, bibi zetu kando ya moto walikuwa wakituuliza neno lile lile: zimwi likimeza nchi, waliobaki wakimbilie wapi?

Katika kurasa hizi tunataka kulijibu hilo swali kwa kufuata hadithi zenyewe, za wazee na za filamu, kisha kuzilinganisha na yale ambayo nchi zetu zimeona. Wazo letu ni moja. Vijana wanachagua kimbilio kwa kutazama ukuta: unene wake, urefu wake, chakula kilicho nyuma yake. Hadithi zinatufundisha kutazama mlango: nani anaruhusiwa kuingia, sauti gani inaufungua, na siku gani watu watatoka. Mahali pasipojibu hayo matatu, hata pakiwa pa mawe, ni tumbo lingine la zimwi.

1. Mama aliyekaa katika zizi la ndama

Basotho wa kusini mwa Afrika wanasimulia juu ya Kholumolumo, zimwi lililomeza watu wote wa nchi, na ng'ombe, na mbwa, na kuku. Alibaki mwanamke mmoja tu, naye alikuwa na mimba. Alijipaka majivu mwili mzima, akaingia katika zizi la ndama, akakaa kimya. Zimwi lilipofika pale liliona kitu cha kijivu kisicho na harufu ya mtu, likafikiri ni jiwe, likapita. Lakini lilikuwa limeshiba mno. Lilipotaka kupenya kati ya milima lilikwama, likalala pale pale. Mama akazaa mtoto mwanamume, Senkatana, ambaye alikua haraka kuliko watoto wote wa dunia. Akauliza: "Mama, watu wako wapi?" Mama akamwonyesha ule mlima wa nyama. Kijana akachukua silaha, akaliua zimwi, akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka wakiwa hai.

Hadithi ya namna hii inapatikana karibu kila mahali katika Afrika ya Wabantu. Kwa Wanyanga wa Walikale, katika Kivu ya Kaskazini, zimwi linaitwa kirimu. Katika utenzi wa Mwindo, ambao mzee Candi Rureke aliusimulia mwaka 1956 na ambao Daniel Biebuyck pamoja na Mkongomani mwenzetu Kahombo Mateene waliutoa kwa kitabu mwaka 1969, Mwindo analiua kirimu la msituni, na kutoka katika mwili wake wanatoka watu wazima waliokuwa wamemezwa.

Sasa tumtazame yule mama wa Basotho. Amechagua wapi? Hakupanda mlima, hakuingia katika ngome ya mfalme. Alikwenda katika zizi la ndama, mahali pa mavi na majani, akajivika majivu, kitu ambacho kila nyumba inakitupa asubuhi. Mahali penye nguvu palikuwa pamekwisha kumezwa, juu zimwi linaanza kwa kile kinachoonekana. Alichagua mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutamaniwa.

Lakini neno kubwa zaidi liko kwa mtu mwenyewe. Tuseme wazee wa kijiji wangekutana usiku ule ili kuchagua mtu mmoja wa kuingia katika maficho ya mwisho. Je, wangemchagua mwanamke mwenye mimba? Hawezi kukimbia. Anakula kwa watu wawili. Saa ya kuzaa atapiga kelele, na mtoto naye atalia. Wangemchagua kijana mwenye mkuki. Kumbe wokovu wa nchi nzima ulikuwa umelala katika tumbo la yule ambaye hesabu ingemwacha nje. Kuna matumbo mawili katika hadithi hii, tumbo la zimwi linalofunga na tumbo la mama linalofungua, na wazee hawakuyaweka pamoja bure.

2. Chumba cha chini na duka kubwa

Turudi kwa filamu, maana nazo si za kudharau. Mwaka 1968 Mmarekani George Romero alitoa Night of the Living Dead, filamu iliyoweka karibu kila kitu ambacho vijana wetu wanakitazama leo. Watu 7 wanajikuta katika nyumba moja ya shamba, wafu wakiwa nje. Ugomvi unazuka mara moja. Harry, baba mwenye mke na mtoto, anataka wote washuke katika chumba cha chini ya nyumba, chenye mlango mmoja wa kufungwa kwa ndani. Ben, kijana mweusi, anataka wabaki juu, wapigilie mbao madirishani, ili wabaki na njia ya kutoka. Kila mmoja anatetea mahali pake mpaka wanafikia kupigana na kunyang'anyana bunduki. Nyumba inavunjwa. Mwishoni Ben ndiye anayepona, na anapona katika chumba kile kile cha chini alichokikataa.

Wengine wanasema basi Harry alikuwa na haki. Sisi tunaona kwamba filamu haikutaka kumpa haki yeyote. Mtoto wa Harry alikuwa ameumwa na zombi, alikuwa akigeuka polepole mle mle chini, na ndiye aliyemla baba yake na kumuua mama yake. Zimwi lilikuwa tayari ndani ya maficho. Wale watu walipoteza usiku mzima kubishana kuhusu mbao na ngazi, na hawakupata hata saa moja ya kuwa kundi moja.

Mwaka 1978 Romero akatoa Dawn of the Dead. Mara hii watu wanne wanakimbilia duka kubwa la orofa, lenye nguo, chakula, saa za dhahabu, kila kitu. Wanaua mazombi ya ndani, wanafunga milango, wanaishi kama wafalme. Ni ile depo ya unga ya vijana wetu. Kiisha wanakuja watu wazima, watu wenye pikipiki na bunduki, kupora. Mwenye duka wa muda tu anafyatua risasi kutetea mali isiyo yake, milango inabaki wazi, na mazombi yanaingia tena. Kimbilio lililochaguliwa kwa utajiri wake liliwaita wale wale waliokuja kulivunja. Yule mama wa majivu alilijua hili bila kuambiwa.

3. Orodha ya wanaostahili

Wengi wetu tumepita katika semina ambapo tunagawanywa kwa makundi na kupewa zoezi: mtumbwi unazama, watu ni 10, nafasi ni 6. Kuna daktari, padri, mwanajeshi, mama mwenye mimba, mzee kipofu, mwanafunzi, kahaba, na wengine. Chagueni. Kila mara tuliona ginsi inavyokwenda. Mzee kipofu anatoka wa kwanza, kahaba wa pili. Daktari habishaniwi. Baada ya nusu saa orodha imebandikwa ukutani, watu wanapiga makofi, na tunakwenda kunywa chai.

Zoezi hilo tunalicheza, lakini kuna kitabu kilicholipeleka mpaka mwisho. Mwaka 2006 Max Brooks, Mmarekani, alitoa World War Z, habari ya kubuni ya dunia nzima iliyofunikwa na mazombi. Mle ndani serikali ya Afrika Kusini inafuata mpango wa mtu anayeitwa Redeker, ambaye zamani aliuandalia utawala wa ubaguzi hesabu za namna ya kujiokoa. Mpango unasema haiwezekani kuokoa wote. Wachache wenye faida wapelekwe mahali panapolindwa na milima na mito. Wengine wakusanywe katika vituo vya mbali, wapewe chakula na silaha za kuwatosha kuishi muda fulani, ili mazombi yavutwe kwao na yasiwafuate wale walioondoka. Kwa lugha ya wavuvi wetu, hao ni chambo. Nchi nyingine zinauiga mpango, na katika kitabu mpango unafaulu. Ni kule kufaulu kunakotia hofu.

Tunaona ajabu kwamba Senkatana na Redeker, kwa hadithi zote mbili, wanatoka katika pembe ile ile ya bara letu. Katika moja, nchi inaokolewa na mtoto wa yule aliyeachwa. Katika nyingine, nchi inaokolewa kwa kumwacha. Redeker anajua kuhesabu vizuri kuliko bibi zetu. Lakini hesabu yake ina kosa moja ambalo bibi zetu walilijua: inahesabu faida ya mtu kama alivyo leo. Haiwezi kumhesabu Senkatana, maana bado hajazaliwa. Haiwezi kuhesabu kitu ambacho mzee kipofu anakikumbuka, mahali pa chemchemi labda, au jina la mti wenye sumu. Na haiwezi kuhesabu kile kinachotokea ndani ya mioyo ya waliookolewa kwa chambo. Watu hao wakirudi kujenga nchi, watajenga nchi gani? Kila mmoja atajua kama siku nyingine hesabu ikibadilika, chambo ni yeye.

Kuna methali inayopendwa sana na watu waliochoka: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa methali hiyo watu wanachagua kukaa karibu na mwenye nguvu wanayemjua, wanamlipa kodi ya barabarani, wanampa mbuzi, ili awaache. Hatuwalaumu, mwenye watoto anafanya anachoweza. Lakini tuisikilize methali vizuri. Haisemi zimwi halikuli. Inasema halikumalizi. Basi kila siku linakula kidogo, na kile kidogo ni nani? Mara nyingi ni mgeni aliyekuja juzi, mjane asiye na wa kumsemea, mtoto wa mtaa. Chambo tena, ila kwa heshima na kimya kimya.

4. "Lakini mtumbwi unazama kweli"

Msomaji atatuambia: "Ninyi mnaongea tu. Mtumbwi una nafasi 6, ukipakia 10 wanakufa wote." Ni neno la kweli, na anayelikataa hajawahi kuvuka ziwa wakati wa upepo. Hata kisiwa, ambacho kijana wetu alikisifu, kina mwisho wake. Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, imepokea watu waliokimbia taabu za bara zote mbili za ziwa, tangu vita vya wafalme wa zamani. Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliipita pembeni kuliko sehemu nyingi za Kivu. Amani hiyo ni kitu kikubwa. Lakini udongo haukuongezeka. Mashamba yaligawanywa na kugawanywa tena, na njaa ikawa zimwi dogo lisilohitaji mtumbwi ili kufika.

Basi tunajibu nini? Kwanza, kushindwa kumwokoa mtu ni jambo moja, na kumtumia kama chambo ni jambo lingine. Aliyenyosha mkono na mkono haukufika atalia, lakini anaweza kusimama mbele ya mama wa marehemu. Aliyemsukuma ili mamba ashughulike naye, huyo hawezi. Wazee wetu hawakumhukumu mtu kwa upungufu wa nafasi. Walimhukumu kwa namna alivyoitumia.

Pili, na hili ni kubwa zaidi, zoezi la mtumbwi linatudanganya kwa kutuonyesha mtumbwi mmoja. Linaficha mitumbwi mingine yote. Watu wa Kivu wanalijua hili kwa miili yao. Katika miaka ya vita, wengi waliokimbia hawakulala katika kambi zenye mahema na bendera. Waliingia katika nyumba za watu, kwa ndugu, kwa rafiki, kwa mtu wa kanisa moja, hata kwa mtu wasiyemjua. Nyumba ya vyumba viwili ikapokea familia tatu. Sufuria ile ile ikaongezwa maji. Mashirika yanazihesabu kama familia zinazopokea. Sisi tunaziita kwa jina la zamani, mgeni njoo mwenyeji apone. Hakuna mkuu wa vita aliyezipanga nyumba hizo, na hakuna ramani inayozionyesha. Zimwi linaweza kuvunja ngome moja. Milango elfu midogo, kila mmoja ukificha watu watano, inalichosha, sawa na majivu ya yule mama.

Utenzi wa Mwindo unasema hivyo hivyo. Baba yake, Shemwindo, alikataza wake zake wasizae mtoto mwanamume, na Mwindo alipozaliwa alimtia ndani ya ngoma, akamtupa mtoni. Mtoto hakutafuta mji wenye askari. Alitafuta nyumba ya shangazi yake, Iyangura. Shangazi akaipasua ngozi ya ngoma, akamkuta, akampokea. Na yule baba, siku nguvu zilipomgeuka, alikimbia peke yake chini ya ardhi, akaiacha Tubondo yote nyuma iteketee. Alijificha kwa Muisa, akahamia katika pango la Ntumba, muhanga mchimbaji, kiisha kwa Sheburungu, na kila mahali palipatikana. Tunaona watu wawili wanaokimbia: mmoja anakimbilia mtu, mwingine anakimbilia shimo.

5. Sauti ya mlangoni

Tumeongea juu ya kuingia. Sasa tuongee juu ya anayebisha hodi, maana mlango ukifunguliwa hovyo ni kifo. Basotho, tena, wanasimulia juu ya Tselane, msichana aliyebaki peke yake nyumbani. Mama yake alimletea chakula kila siku na kumwimbia wimbo ili afungue. Zimwi likasikia, likauiga wimbo. Mara ya kwanza Tselane alikataa: "Sauti yako ni ya kukwaruza, si ya mama yangu." Zimwi likaenda kumeza chuma cha moto ili koo lake lilainike, likarudi, likaimba vizuri. Tselane akafungua, na zimwi likamtia katika gunia.

Hadithi hii haikutungwa ili kuwatisha watoto tu. Katika nchi zetu za Maziwa Makuu sauti laini zimewaita watu mahali pa kifo. Mwezi wa 4 mwaka 1994, huko Murambi, kusini mwa Rwanda, watu waliambiwa na viongozi wao wakusanyike katika shule mpya ya ufundi, juu ya kilima, watalindwa. Walikwenda kwa maelfu. Maji yakakatwa. Tarehe 21 Aprili wakauawa. Kwetu Kongo, tarehe 24 Agosti 1998, watu wa Kasika waliuawa parokiani, mahali ambapo kila mkristo anapaita salama. Tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi Wakongomani waliuawa usiku katika kambi ya Gatumba, Burundi, mahema yao yakiwa na alama ya ulinzi wa mataifa. Tunaitaja mitatu hiyo pamoja kwa makusudi. Waliokufa hawakuwa wa kabila moja, na zimwi halikuvaa uso mmoja. Katika yote, mahali palikuwa na jina la usalama, na jina halikusimama mlangoni.

Tufundishe nini basi? Kwamba tusimwamini mtu yeyote? Hapana, hiyo ingekuwa kumpa Harry ushindi. Tufundishe kuuliza. Anayekuita mahali pa usalama, muulize: wewe mwenyewe utalala hapo? Maji yanatoka wapi, na nani ameshika ufunguo wake? Kuna njia ya pili ya kutoka? Wa kwanza kuondolewa hatari ikija ni nani? Sauti ya mama inajibu maswali hayo, hata ikiwa imekauka kwa homa. Sauti ya zimwi ni tamu, lakini haina jibu, maana haina nia ya kubaki.

6. Siku ya kutoka

Jambo la mwisho ni lile ambalo filamu nyingi zinalisahau, nalo wazee hawakulisahau: maficho si makao. Biblia, inayosomwa katika nyumba zetu nyingi, inaweka miji 6 ya makimbilio, 3 upande huu wa Yordani na 3 upande ule, kwa ajili ya mtu aliyeua bila kukusudia. Tazama ginsi ilivyopangwa vizuri. Njia za kwenda huko zilipaswa kutengenezwa, ili mkimbizi asifie porini. Mji ulikuwa wa mwenyeji na wa mgeni vilevile. Wazee walisimama langoni kumsikiliza anayefika. Na kulikuwa na mwisho: kuhani mkuu akifa, mkimbizi anarudi kwao, na hakuna wa kumgusa. Mlango ulikuwa na pande zote mbili.

Pale ambapo siku ya kutoka haikupangwa, watu hutolewa. Mwanzoni mwa mwaka 2025, baada ya mapigano kufika Goma, kambi kubwa zilizouzunguka mji zilibomolewa na watu wakaambiwa warudi vijijini, na wengi hawakujua kama nyumba zao bado zimesimama, wala nani anatawala njia. Kurudi kwa namna hiyo ni kukimbia mara ya pili, ila kwa kurudi nyuma.

Na kutoka kuna hatari yake, hata zimwi likiwa limekufa. Ben, yule kijana wa filamu ya 1968, anapanda kutoka chumba cha chini asubuhi, amepona peke yake. Kundi la watu waliokuja kusafisha mazombi linamwona dirishani na kumpiga risasi, halikuuliza kama ni mtu. Senkatana, aliyewatoa watu tumboni, alifanywa mfalme, na baadaye watu wale wale walimwonea wivu wakamuua. Bibi zetu wangeweza kuikatisha hadithi siku ya sherehe. Waliendelea, ili tujue kama mtu anaweza kutoka katika zimwi na zimwi lisitoke ndani yake. Aliyezoea kuhesabu nani aachwe nje, anaendelea kuhesabu hata mlango ukiwa wazi.

Mwindo ndiye aliyepata dawa, na aliipata kwa taabu. Baada ya kuliua kirimu, Nkuba, bwana wa radi, aliyekuwa rafiki wa lile zimwi, alimpeleka mbinguni. Huko mvua, jua na mwezi vilimtesa mpaka kiburi chake kikaisha. Aliporudi, yeye mtoto aliyetupwa mtoni aliwapa watu wa Tubondo sheria za kukaa pamoja: walime vyakula vya namna nyingi, wajenge nyumba nzuri, wasigombane, na wasimcheke kilema anayepita kijijini.

Sheria hii ya mwisho ni ndogo, mtu anaweza kuisoma na kuipita. Sisi tunaona ndiyo inayochagua kimbilio. Kijiji kinachomcheka kilema wakati wa amani tayari kimeandika orodha yake. Siku ya zimwi itakuwa kazi ya kuisoma tu. Kijiji kinachomkaribisha kimejifunza kufungua mlango kabla ya hodi ya usiku. Basi tusingoje mazimwi ili tuanze kutafuta mahali. Katika avenyu yetu, leo, nani hajaalikwa? Mlango wake na wetu vikijuana, kimbilio limeanza kujengwa, na halikuhitaji hata tofali moja.